Voliboli ya vyuo Marekani: kwa nini mpwa wangu anapelekwa kila mara kwa jirani mwenye nguvu?

Mmezoea kusoma hapa habari za Uvira: barabara, bei ya unga, ziwa linapopanda. Leo nawaomba ruhusa niandike habari ya mbali, lakini ni ya mbali kwa kilomita tu. Ni habari ya nyumbani kwetu.

Usiku wa siku ya Mungu, tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 2024, sikulala. Hapa kwetu saa saba ya usiku ilikuwa imekwisha kupita, umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na simu yangu ilibaki na moto kidogo sana. Huko Louisville, katika jimbo la Kentucky, yaya yangu alikuwa ameweka simu yake mbele ya televisheni ili na mimi nione. Walikuwa wanasoma majina ya timu 64 za voliboli ya wanawake, zile zitakazoingia katika mashindano ya mwisho ya vyuo vya Marekani. Sisi tulingoja jina moja tu, la chuo anachosoma binti ya yaya. Sitakitaja hapa, mwenyewe hajaniruhusu.

Jina likasomwa. Nikasikia vigelegele vya kina mama wa kanisa lao waliokuja kumsindikiza yaya. Halafu likasomwa jina la timu watakayokutana nayo, na vigelegele vikakatika. Yaya akasema neno moja: "Tena?"

Mwaka 2023 walikuwa wamepelekwa kwa kigogo mmoja wa jirani, wakapigwa seti tatu kwa sifuri. Mwaka 2024 wakapelekwa kwa kigogo mwingine, naye wa jirani. Asubuhi nilipowapa habari vijana wanaocheza pale kiwanjani karibu na kwetu, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema timu ndogo hupangiwa makusudi ili ife mapema. Mwingine akasema kuna mtu amekula pesa. Wa tatu akasema ni kwa sababu timu ile ina mtoto wa Kongo. Sisi tumezoea kuona mkono wa mtu nyuma ya kila kitu, na si bure, tumeyaona mengi. Lakini mimi kazi yangu ni kuuliza kabla ya kuandika. Nikanunua mega, nikampigia mpwa wangu. Yanayofuata ni yale aliyonifundisha, pamoja na yale niliyoyasoma mwenyewe baadaye.

Kwanza niwaambie huyu mtoto ni nani. Mama yake alikimbia vita mwaka 1998, akavuka ziwa, akafika Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Binti alizaliwa humo kambini. Mwaka 2014 walipelekwa Kentucky, jimbo ambalo leo lina Wakongo wengi, hasa katika miji ya Louisville na Lexington, hata ukienda sokoni huko unaweza kusikia Kiswahili, Kibembe na Kinyamulenge siku moja. Alikuwa na miaka kumi, mrefu kuliko wenzake wote, na hakujua Kiingereza. Mwalimu wa michezo alimwonyesha wavu. Hakuhitaji lugha hapo.

Timu 64 zinapatikanaje

Huko Marekani michezo ya vyuo inasimamiwa na shirika linaloitwa NCAA. Mashindano yake ya voliboli ya wanawake yalianza mwaka 1981, na tangu mwaka 1998 yanaingiza timu 64. Vyuo vyenye timu za ngazi ya juu ni zaidi ya mia tatu, kwa hiyo wengi wanabaki nje.

Vyuo vimejigawa katika makundi ambayo wao wanayaita konferensi. Kila konferensi ni kama ligi. Bingwa wa kila konferensi anaingia moja kwa moja, hata kama konferensi yake ni ndogo. Hizo zinajaza karibu nusu ya nafasi. Nafasi zinazobaki zinatolewa na kamati, ambayo inachagua timu zilizocheza vizuri lakini hazikuwa mabingwa.

Hapo ndipo mtoto wetu alilia mara ya kwanza. Mwaka 2022, mwaka wake wa kwanza chuoni, timu yao ilishinda mechi nyingi, ikafika fainali ya konferensi yao, ikapoteza. Wakakaa mbele ya televisheni siku ya majina, wakangoja, jina halikuja. Wakati huo huo timu nyingine zilizopoteza mechi nyingi kuliko wao ziliingia. Yaya alinipigia akisema watoto wameonewa.

Hawakuonewa, walipigwa na hesabu. Kwa miaka mingi kamati imetumia kipimo kinachoitwa RPI. Kipimo hicho kina vipande vitatu. Robo ya kwanza ni ushindi wako wewe mwenyewe. Nusu nzima ni ushindi wa timu ulizocheza nazo. Robo ya mwisho ni ushindi wa timu ambazo wapinzani wako walicheza nazo. Maana yake ni kwamba robo tatu za alama yako ziko mikononi mwa watu wengine.

Chukueni mfano niliojitengenezea mwenyewe. Timu A imeshinda mechi 24 katika 30, yaani 0.80. Wapinzani wake kwa wastani wana 0.45, na wapinzani wa wapinzani 0.48. Ukipiga hesabu unapata 0.545. Timu B imeshinda 18 tu katika 30, yaani 0.60, lakini wapinzani wake wana 0.65, na wapinzani wa wapinzani 0.55. Hiyo inapata 0.6125. Timu B imepoteza mechi 12, timu A imepoteza 6, lakini B ndiyo iko mbele. Mtoto wetu alikuwa katika timu ya aina ya A.

Nilimwuliza: "Sasa dawa yake ni nini?" Akanijibu: "Mjomba, ni kuwatafuta wakubwa na kucheza nao mwezi wa 9, hata kama watatupiga. Ama tuwe mabingwa, tusimwombe mtu." Mwaka 2023 na 2024 walikuwa mabingwa, hawakumwomba mtu.

Namba ya nguvu

Baada ya timu 64 kupatikana, kamati inapanga nani ni mkubwa kuliko nani. Zamani ni timu 16 tu zilizopewa namba. Nyingine 48 hazikuwa na namba yoyote. Timu ya 17 kwa ubora na timu ya 64 zilikuwa kitu kimoja kwenye karatasi. Kwa hiyo iliwezekana timu nzuri sana, iliyokosa namba kidogo tu, kuwekwa mapema kabisa mbele ya bingwa mtarajiwa, kwa sababu tu inakaa karibu naye.

Tangu mwaka 2022 zinapewa namba timu 32. Karatasi imegawanywa robo nne, kila robo ina timu 16, na katika kila robo timu nane zina namba, kuanzia 1 hadi 8. Nane nyingine hazina. Mtu mwenye namba anaanza na mtu asiye na namba. Baadaye, kama hakuna ajali, namba 1 anakutana na namba 8, namba 4 na namba 5, namba 3 na namba 6, namba 2 na namba 7. Maana ya mpango huo ni kwamba wakubwa wasiuane mapema, na aliyefanya kazi nzuri tangu mwezi wa 8 apate njia nyepesi kidogo.

Namba ina zawadi nyingine kubwa kuliko hiyo. Wenye namba 1 hadi 4 katika kila robo, yaani timu 16 bora, wanakuwa wenyeji. Timu tatu nyingine zinakuja kwao, kwenye kiwanja chao, mbele ya watu wao. Kwa siku mbili timu nne zinapunguzwa mpaka inabaki moja. Vituo 16, timu nne kila kituo, hesabu inatimia 64. Wanaobaki 16 wanaenda hatua inayofuata, ambayo siku hizi kwa kawaida inachezwa nyumbani kwa mwenye namba kubwa aliyebaki katika robo yake. Ni fainali ya timu nne tu ndiyo inachezwa mahali palipochaguliwa miaka kabla.

Kwa hiyo ukiwa huna namba, kama mpwa wangu, jambo moja liko wazi hata kabla ya televisheni kuwashwa: utasafiri, na utamkuta mkubwa nyumbani kwake. Swali linalobaki ni mkubwa yupi.

Maili 400

Hapa ndipo ramani inaingia, na hapa ndipo jibu la swali la yaya lilipo.

NCAA ndiyo inayolipa safari za timu katika mashindano haya. Timu ikiwa ndani ya maili 400 kutoka kituo, yaani kama kilomita 640, inaenda kwa basi. Ikizidi hapo, inapanda ndege. Ndege ya timu nzima, wachezaji, walimu, daktari na mizigo, ni pesa nyingi, na timu ni 64. Kwa hiyo kamati ikishamaliza kuwapanga wenye namba, inajaribu kuwaweka wasio na namba kwenye vituo wanavyoweza kufika kwa basi. Hata kwa wenye namba za chini, umbali unaangaliwa, lakini nguvu inaangaliwa kwanza. Kwa asiye na namba, ramani ndiyo inayosema zaidi.

Kuna sharti lingine juu ya hilo. Timu za konferensi moja hazikutanishwi katika raundi mbili za kwanza. Zimekwisha kupigana mwaka mzima, hakuna sababu ya kuzirudisha pamoja mara moja. Kwa hiyo wakati mwingine kituo cha karibu kabisa kinafungwa kwako, unapelekwa cha pili au cha tatu.

Mpwa wangu aliniambia hivi: "Mjomba, wiki moja kabla ya majina, sisi huwa tunachukua ramani tunachora duara. Tunahesabu wakubwa walio ndani ya duara. Mwaka huu walikuwa wachache. Tulijua ni mmoja wao. Hakuna aliyeangalia sura yetu. Waliangalia ramani."

Majimbo ya katikati na ya mashariki mwa Marekani yana vyuo vingi vilivyobanana, kwa hiyo huko basi linatosha na duara lina watu. Magharibi mambo ni tofauti, vyuo viko mbalimbali, na timu chache zilizo jirani zinajikuta zimefungwa pamoja mara kwa mara. Halafu kuna chuo cha Hawaii, ambacho kilikuwa bingwa mwaka 1982, 1983 na 1987. Hawaii ni visiwa katikati ya bahari. Hawana basi la kuwapeleka popote. Kila mpinzani wa nje ni ndege, kwenda au kurudi. Kwao duara la maili 400 ni maji matupu.

Niliwarudia vijana wa kiwanjani na ramani hiyo kwenye simu. Yule aliyesema timu ndogo inapangiwa makusudi ili ife, akaniambia: "Lakini si ni vilevile? Mdogo anakufa, mkubwa anabaki nyumbani." Sikuwa na jibu la haraka. Ana haki. Mwenye namba anapewa njia nyepesi na kiwanja chake na watu wake, na kwa sababu hiyo anashinda, na akishinda mwaka ujao anapata namba tena. Mpwa wangu mwenyewe analalamika. Anasema angependa siku moja wapande ndege waende kwa mtu asiyewajua, ambaye hajawahi kuwatazama wakicheza. Jirani anakujua. Mwalimu wake alishakaa kwenye viti vya kiwanja chenu akaandika kila kitu.

Lakini mimi niliposikia habari ya maili 400, kilichonijia kichwani ni Ngomo.

Barabara ya Ngomo

Wale wa umri wangu wanajua. Kabla sijawa mtu wa kuandika, nilikuwa mchezaji. Nilikuwa napokea mipira nyuma, si kwa sababu nilikuwa hodari bali kwa sababu sikuwa mrefu. Timu yetu ya shule ilikuwa imeshinda hapa Uvira, ikaitwa Bukavu kwa mashindano ya jimbo. Umbali ni zaidi ya kilomita mia moja. Kwa Marekani hiyo si safari, ni robo ya duara lao na hata haifiki.

Hatukuwa na basi. Wazazi walichanga, tukapata nafasi juu ya lori la mizigo. Tungeweza kupita Kamanyola na kuzunguka upande wa Rwanda, lakini wengi wetu hatukuwa na karatasi za kuvuka. Tukapanda Ngomo. Wanaoijua wanajua: mlima upande mmoja, shimo upande mwingine, na lori mbili zikikutana mmoja lazima arudi nyuma. Lori letu liliharibika katikati ya kupanda, saa kumi za jioni. Tulilala pale, watoto kumi na wawili na mwalimu mmoja, tumejifunika turubai.

Tulifika Bukavu kesho yake saa sita za mchana. Mechi yetu ilikuwa saa tatu za asubuhi. Tulikuta tumepigwa forfe. Mwalimu aliuliza kwa nini timu iliyotoka mbali kuliko zote ilipewa mechi ya kwanza ya asubuhi ya kwanza. Hakupata jibu. Hakukuwa na karatasi iliyosema nani anaanza na nani na kwa sababu gani. Kulikuwa na mtu mmoja nyuma ya meza aliyesema imepangwa hivyo. Tulikula mihogo ya kuchoma pale nje, tukatafuta lori la kurudi. Sikugusa mpira hata mara moja Bukavu.

Ramani ilitupanga sisi pia. Ramani inampanga kila mtu. Hata Linafoot, ligi yetu ya taifa ya mpira wa miguu, imewahi kugawa timu kwa zoni, Mashariki, Kati-Kusini na Magharibi, kwa sababu nchi ni kubwa na huwezi kuipeleka timu ya Goma Kinshasa na kuirudisha kila wiki. Umbali ni ule ule, huko na huku. Tofauti ni kwamba huko mtu ameandika: hapa basi, hapa ndege, na pesa ni za nani. Mpwa wangu anaweza kuchora duara lake wiki moja kabla, na kukasirika akijua anakasirikia nini. Mimi miaka yote hii sijui nimkasirikie nani.

Mara moja ramani ilifutwa

Kuna mwaka mmoja Wamarekani walicheza bila ramani. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mashindano ya mwaka 2020 yalisogezwa mpaka mwezi wa 4 mwaka 2021. Timu zilipunguzwa zikawa 48, na zote zilikusanywa mji mmoja, Omaha, katika jimbo la Nebraska. Hakuna mwenyeji, hakuna basi la jirani, hakuna watu wako wanaokupigia kelele.

Wisconsin ndiyo ilikuwa na namba 1. Lakini tarehe 24 mwezi wa 4, Kentucky iliipiga Texas seti tatu kwa moja ikachukua kombe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kentucky, na mara ya kwanza kwa chuo chochote cha konferensi yao, SEC. Mpwa wangu alikuwa bado sekondari. Yaya anasema mtoto aliruka kwenye kiti mpaka akagonga taa. Siku hiyo ndiyo alisema na yeye atacheza chuoni.

Ijumaa ya mechi

Sasa nirudi kwenye ile "Tena?" ya yaya.

Yaya anafanya kazi ya usiku katika ghala la kupanga mizigo. Tangu binti yake aingie chuo, mechi nyingi za ugenini hakuziona. Kama mwaka 2024 wangepelekwa mbali, tuseme California au Texas, mtoto angepanda ndege kwa pesa ya NCAA, lakini mama yake asingepanda. Tikiti yake hakuna wa kuilipa. Angekaa na simu kama mimi.

Lakini walipelekwa kwa jirani, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Yaya akabadilishana zamu na mwenzake. Mama watatu wa kanisa wakajaza mafuta, wakapika sambusa na mikate, wakachukua na vitenge vyao. Siku ya tano, Ijumaa, walikuwa wamekaa kwenye viti vya juu kabisa, wanne kati ya maelfu ya watu waliovaa rangi ya wenyeji. Mimi nilikuwa hapa Uvira, saa nane ya usiku, simu nimeichomeka kwenye betri ya motari jirani yangu, ambaye alikubali kwa sharti nimwelezee mchezo.

Walipigwa tatu kwa sifuri. Sitawadanganya kwamba ilikuwa karibu. Seti ya kwanza walifika 14 tu. Seti ya pili wakaamka, wakaongoza mpaka 19, halafu wenyeji wakaweka mchezaji mmoja kwenye kuanzisha na mambo yakaisha. Mpwa wangu aliingia seti ya pili na ya tatu. Alizuia mpira mmoja kwenye wavu, mmoja tu, wa yule mpigaji wao mkubwa. Kiwanja kizima kilinyamaza, na katika ukimya ule nikasikia kupitia simu sauti nne za kina mama zikipiga vigelegele kama arusini. Motari akaniuliza: "Wameshinda?" Nikamwambia hapana, ni pointi moja. Akasema: "Basi hiyo pointi ni kubwa."

Baada ya mechi yaya alishuka mpaka kiwanjani. Alikuwa hajawahi kumwona binti yake akicheza katika mashindano haya. Alinipigia wakiwa wawili kwenye kioo, mtoto ana jasho na macho mekundu. Nikamwambia pole. Akasema: "Aksanti Mjomba. Ila mama amefika."

Kombe lilikwenda Louisville

Mwaka ule fainali ya timu nne ilikuwa imepangwa zamani kuchezwa Louisville, mji wa yaya. Na katika robo zote nne, wenye namba 1 walifika wote: Pittsburgh, Nebraska, Penn State na Louisville wenyewe. Kwa hiyo kamati haikukosea sana katika kupima. Louisville iliitoa Pittsburgh, Penn State ikaitoa Nebraska baada ya kuwa nyuma seti mbili kwa sifuri.

Tarehe 22 mwezi wa 12, Louisville ilicheza fainali katika mji wake mwenyewe, mbele ya zaidi ya watu 21,000. Ramani ilikuwa imewapa kila kitu. Penn State wakashinda tatu kwa moja. Mwalimu wao, Katie Schumacher-Cawley, alikuwa anatibiwa kansa wakati huo huo, na akawa mwanamke wa kwanza kufundisha timu bingwa katika historia ya mashindano hayo. Yaya hakupata tikiti, lakini alisema siku ile mji mzima ulinyamaza kama mji uliofiwa.

Vijana wa kiwanjani, nimewaletea jibu nililolipata. Hakuna aliyekula pesa na hakuna aliyemchukia mtoto wa Kongo. Namba zinasema nani anakaa nyumbani, maili zinasema nani anakuja, na mdogo anabeba mzigo mkubwa kuliko mkubwa. Haki kamili si hiyo, hata mpwa wangu hasemi ni hiyo. Lakini sheria yake inasomeka, na basi lake linafika kabla ya saa tatu za asubuhi.

Kwa wale wanaopanga mashindano ya shule zetu hapa jimboni, naomba kitu kidogo tu. Andikeni. Andikeni nani anaanza na nani, wapi, saa ngapi, na kwa nini. Bandikeni ukutani wiki moja kabla. Anayetoka mbali mpeni mechi ya mchana. Hiyo haihitaji dola hata moja, inahitaji karatasi na kalamu.

Mpwa wangu bado ana mwaka mmoja wa kucheza. Ameniahidi kwamba mwezi wa 11 ataniletea duara lake mapema, tulichore pamoja. Nitawaletea hapa.

Mwandishi wenu, Uvira.